Sindimba Mbele ya Jopo: Kisa cha Uzamivu Mmoja wa Sanaa

Alirudi kutoka Marekani na shahada ya miaka mitatu ya ubunifu wa dansi, pamoja na barua ya chuo chake iliyoeleza kwamba katika fani ile hakuna shahada ya juu zaidi. Barua haikuwa na uongo. Kule, kwa wachoraji, wachongaji, waigizaji na wacheza dansi, shahada inayoitwa MFA (Master of Fine Arts) huhesabiwa kuwa kikomo cha masomo. Mwenye nayo huajiriwa chuo kikuu na kupanda vyeo hadi uprofesa bila kuulizwa uzamivu wake, yaani shahada ya udaktari, uko wapi. Karatasi hiyohiyo ilipofika kwa afisa utumishi wa chuo chetu ilisomwa kwa neno moja tu: uzamili. Akaajiriwa mhadhiri msaidizi, akaelezwa kwamba bila uzamivu hatakuwa mhadhiri kamili, na kwamba muda wa kuupata una mwisho.

Mimi nilimtangulia idarani kwa miaka mingi. Alikuja ofisini kwangu jioni moja, akakaa, akaweka bahasha ya vyeti mezani.

"Mwalimu, hivi naanza upya?"

Nilimwambia ndiyo, kwa sehemu kubwa, na nikaona macho yakimjaa maji. Baadaye nikawa msimamizi wake wa pili, na ile miaka mitano na ushei ilinifundisha kuhusu uzamivu wa sanaa mambo ambayo sikuwa nimeyaona katika tasnifu zote nilizosahihisha kabla. Nakiandika kisa hiki kwa ridhaa yake. Jina lake, chuo na kijiji nimeviacha.

Neno la bibi

Mada alikuwa nayo tangu utotoni. Kama wengi wetu, sindimba, ngoma ya Wamakonde, aliijulia kwenye uwanja wa shule ya msingi, siku za mgeni rasmi: mistari miwili, khanga kiunoni, nyuso zimeelekea meza kuu. Bibi yake mzaa mama, Mmakonde wa Newala, alimkuta siku moja akifanya mazoezi hayo uani, akacheka mpaka akakaa chini. "Mjukuu wangu, hilo ni gwaride." Neno hilo alikwenda nalo Marekani na akarudi nalo.

Nyuma ya kicheko cha bibi kuna historia ya nchi. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge, akatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba wasomi wa wakati ule walijua rumba na chachacha kuliko gombesugu, mangala, kiduo au lelemama. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa kilichokusanya wachezaji wa makabila mbalimbali, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Kwa njia hiyo sindimba ilitoka kwenye sherehe za jando na unyago za Wamakonde, ikapanda jukwaani, ikaingia shuleni, ikawa ngoma ya kupokelea wageni wa serikali. Ngoma ya kukesha ikawa ya dakika chache. Duara likafunguliwa ili mgeni aone. Silaumu, bila kazi ile mimi na yeye tusingeijua sindimba kabisa. Lakini duara likifunguliwa kuna kitu kinahama, na ndicho alichotaka kukijua.

Kurasa 18 zilizokataliwa

Pendekezo lake la kwanza lilikuwa na kurasa 18, na jopo la kitivo lililikataa kabla chai haijapoa. Mjumbe mmoja alisema, nami nilikuwapo: "Hili ni onyesho. Utafiti uko wapi?" Wengine wakatabasamu. Niliumia kwa niaba yake. Mtu wa kemia akisema ataingia maabara kuchanganya dawa, hakuna anayemuuliza utafiti uko wapi.

Usiku ule nililisoma tena pendekezo kwa utulivu, nikakubali kwamba swali la mjumbe, ingawa lilitoka kwa kebehi, lilikuwa la haki. Mwenzangu alikuwa ameandika: "Nitaunda onyesho la saa moja litakaloonyesha utajiri wa sindimba." Katika kurasa zote zile hapakuwa na jambo hata moja ambalo alikuwa halijui na angelijua mwishoni. Alichoahidi ni kazi nzuri ya sanaa, na jukwaani ingepigiwa makofi, lakini jopo la uzamivu haliombwi makofi.

Hapa ndipo wasanii wengi wazuri wanapokwama, na sisi walimu wao tunachangia kwa kuwasifia pale tulipopaswa kuwauliza. Mwaka 1993 Christopher Frayling wa Royal College of Art, London, aliandika makala fupi akitenganisha utafiti juu ya sanaa, utafiti kwa ajili ya sanaa, na utafiti kupitia sanaa. Ule wa kwanza tumeuzoea: mwanahistoria anaandika kuhusu vinyago. Wa pili ni pale msanii anapokusanya malighafi ili atengeneze kazi yake. Wa tatu ndio mgumu, kwa sababu kutengeneza kazi ndiko kunakuwa njia ya kujua, na kinachojulikana lazima kiweze kuelezwa kwa mtu ambaye hakuwapo. Mwenzangu alikuwa ameandika wa pili akidhani ni wa tatu.

Nilimpa sharti moja, ambalo sasa nampa kila anayenijia na mada ya namna hii: niletee swali ambalo huwezi kulijibu bila kucheza. Nilimtaka alete lile ambalo mahojiano, nyaraka, picha na video vikijumlishwa vyote bado havilitoshi. Alikaa nalo miezi mitatu, na mara mbili alinipigia simu kuniambia anaacha.

Katika miezi hiyo nilimrudisha kwa wakubwa wetu. Ebrahim Hussein aliandika tasnifu kuhusu maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, mwaka 1975. Tamthilia yake ya Kinjeketile ilikuwa imeshatoka tangu 1969 na Mashetani tangu 1971. Penina Muhando Mlama aliandika yake hapahapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1983, juu ya sanaa za maonyesho za jadi za Wakaguru kama chombo cha elimu. Alikuwa tayari mwandishi wa tamthilia za Hatia na Pambo, na miaka hiyohiyo yeye na wenzake walikuwa Malya, mkoani Mwanza, wakitumia sanaa za maonyesho pamoja na wanakijiji kujadili maendeleo yao. Amandina Lihamba aliandika yake Leeds, mwaka 1985, kuhusu siasa na tamthilia nchini baada ya Azimio la Arusha. Wote watatu walikuwa wasanii kabla ya kuwa madaktari, na wote watatu waliingia uzamivuni kwa mlango wa maandishi. Tamthilia zao zilibaki nje ya jalada. Naziheshimu tasnifu zile kwa moyo wote, ila huwa najiuliza ni kiasi gani cha alichokijua Hussein kuhusu kiongozi anayezidiwa nguvu na neno lake mwenyewe kilikaa ndani ya tamthilia tu, na kisingekubali kuhamia kwenye sura ya tatu ya tasnifu.

Milango mingine siku hizi ipo. Ufini wanatoa uzamivu wa kisanaa tangu miaka ya 1980, wakianzia kwenye muziki katika Sibelius Academy. Uingereza na Australia vyuo vingi hupokea kazi ya sanaa pamoja na maandishi mafupi kuliko tasnifu ya kawaida. Afrika Kusini, mwaka 2017, wizara ya elimu ya juu ilitoa sera ya kutathmini kazi za ubunifu za vyuo vikuu vya umma. Tulizipima njia hizo jioni kadhaa. Alikuwa na mtoto wa miaka minne, mshahara wa mhadhiri msaidizi, na wazee waliokuwa wakiondoka mmoja mmoja. Akaamua kujisajili nyumbani, akaomba ule ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaomruhusu mwanafunzi wa nyumbani kukaa Uingereza hadi mwaka mmoja. Mara ya kwanza alikosa, mara ya pili akapata miezi tisa. Kule alijifunza kuandika mwendo wa mwili kwa alama za Laban, zilizochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1928 na zinazosomwa kuanzia chini ya ukurasa kwenda juu.

Lakini swali alilipata kabla ya ufadhili, siku alipokuwa akitazama video ya kikundi chetu cha wanafunzi. Nani anaamua sindimba ibadilike, mpigaji au mchezaji?

Kisigino mchangani

Barua zilipita njia yake ya kawaida: chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji. Alifika kusini kiangazi, baada ya mavuno, ambao ndio msimu wa jando na unyago.

Miezi miwili ya kwanza alifanya alichofundishwa. Aliketi na wapigaji akarekodi mahojiano kumi na moja. Aliuliza, "Babu, unajuaje kwamba sasa ni wakati wa kubadilisha pigo?" Mpigaji mkuu alimjibu, "Ngoma inasema." Aliuliza kwa njia nyingine, kwa wiki nyingine, kwa wapigaji wengine. Ngoma inasema. Alipotazama video zake aliona jambo ambalo kila mtu angeliona: mpigaji anabadilisha kwanza, wachezaji wanafuata. Akaandika hivyo kwenye daftari na kunitumia. Kwa haki nilidhani amemaliza.

Kisha akaanza kucheza. Wiki tatu alicheza vibaya. Bibi aliyekuwa kiongozi wa wanawake alimsimamisha mbele ya watu. "Unacheza kwa macho, mjukuu wangu. Unatuangalia kama vile sisi tunakuangalia wewe." Gwaride lilikuwa bado limo mwilini mwake.

Usiku ambao mambo yalibadilika ameuandika mwenyewe kwa kurasa nne, na naziona kuwa kurasa bora za tasnifu nzima. Wapigaji walikuwa wamekwisha kukanza ngoma: wamewasha nyasi kavu, wameelekeza ngozi kwenye moto, na mpigaji mkuu anagonga ukingoni kwa kidole kimoja, anasikiliza, anarudisha motoni, anagonga tena, mpaka mlio ukaacha kuwa mzito. Ngoma yake ndefu ikakaa mchangani, akaikumbatia kwa magoti. Duara likafungwa. Mwenzangu alikuwa wa pili nyuma ya yule bibi, akitazama miguu yake kwa sababu ya giza. Akaona kisigino cha bibi kikikawia. Badala ya kuinuka na pigo, kilibaki mchangani kitambo kidogo sana, kikaburuta, kikainuka. Wachezaji wawili nyuma yake wakaburuta vilevile. Akamtazama mpigaji: amefumba macho. Pigo likabadilika.

Usiku ule alihesabu mabadiliko tisa. Katika saba kati yake kisigino kilitangulia.

Asubuhi alimwendea mpigaji. "Babu, ni bibi anayekuambia?" Mzee alimshangaa kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Si nilikwambia ngoma inasema?" Kwa Kiswahili, na kwa Kimakonde cha mzee yule, ngoma ni chombo, ni uchezaji, ni watu waliokusanyika, vyote kwa pamoja. Mwenzangu, kwa miezi miwili na kwa kichwa kilichosomea Kiingereza, alikuwa akilisikia neno hilo kama chombo cha ngozi na mti. Jibu alikuwa nalo tangu mahojiano ya kwanza.

Wanaouliza kwa nini msanii ahitaji kucheza ili apate udaktari wa ngoma nawarudisha kwenye usiku ule. Kamera ilikuwa nje ya duara, kwenye kimo cha kifua, na ilionyesha mpigaji akiongoza. Mahojiano yalitoa sentensi moja. Kilichojua ni mguu uliokuwa wa pili nyuma ya mguu mwingine.

Aliporudi kutoka Uingereza alifanya jambo ambalo hata yule mjumbe wa jopo angelitambua kuwa ni jaribio. Wachezaji walewale, wapigaji walewale: jioni nne kwenye mchanga kwa duara, jioni nne kwenye sakafu ya saruji ya darasa kwa mistari miwili. Kila jioni aliandika kwa alama za Laban, mstari wa miguu, na pembeni yake akaongeza mistari miwili aliyoibuni mwenyewe, mmoja wa ngoma kubwa na mmoja wa ngoma ndogo. Kwenye mchanga, kisigino na pigo vilijibizana. Kwenye saruji, bibi aliwekwa pembeni kwa sababu mistari hupangwa kwa urefu, mpigaji akawa kona ya mbali, na baada ya dakika chache mpigaji akaanza kuhesabu mwenyewe. Jioni ya pili aliweka mikono juu ya ngoma akasema, "Hapa sisikii." Kwenye mistari ile amri zilitoka upande mmoja tu. Bibi wa Newala alikuwa ameshaliita jambo hilo gwaride miaka thelathini nyuma.

Majina na siri

Kamati ya maadili ilitaka majina ya washiriki yafichwe. Ndiyo kanuni, na imeandikwa kwa nia njema. Mpigaji mkuu aliposomewa fomu alikasirika. "Mimi si mgonjwa hata jina langu lifichwe. Fundi hafichwi." Nilikuwa nimesaini fomu za namna hiyo kwa miaka bila kufikiri kwamba tunamfanyia msanii mzee kile ambacho kwa msanii wa mjini tungekiita wizi. Tuliandika barua tatu kamatini. Mwishowe ikaruhusiwa kurasa mbili za mwanzo zenye majina ya waliotaka kutajwa, kila mmoja na fani yake.

Upande mwingine yapo yasiyopaswa kutoka. Sehemu za unyago zina usiku wake na watu wake, na kina mama walisema wazi ni zipi kamera isije. Mwenzangu alihudhuria baadhi kama mjukuu, akaziacha nje ya tasnifu, hata pale ambapo zingeipa nguvu hoja yake. Nilimuunga mkono bila kusita. Pwani ya Kenya, mwaka 1985, mtafiti alimpiga picha mzee wa Kimijikenda akiwa na vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, vya ndugu zake waliokufa. Vigango viliibwa muda mfupi baadaye, na vikaja kuonekana katika makumbusho ya vyuo vikuu viwili vya Marekani. Ni picha hiyo iliyosaidia kuvitambua, na vilirudi nyumbani zaidi ya miaka 20 baadaye. Kinachorekodiwa hakikai mahali kilipowekwa, na mtafiti wa sanaa anayesahau hilo anaweza kuwaletea watu hasara ambayo shahada yake haiwezi kuilipa.

Lori la mchanga

Uandishi ulichukua mwaka na nusu, na sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa kwamba neno ngoma lilibaki ngoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho wa tasnifu ya Kiingereza, na sura nzima ya kwanza inaeleza kwa nini. Kupata mtahini wa nje ndiko kulikotuchosha. Kanuni ilitaka mwenye cheo cha profesa mshiriki au zaidi, na kazi ilitaka mtu anayejua kucheza. Miezi kumi na moja ilipita kati ya kukabidhi nakala na kuitwa kwenye utetezi, na mwenzangu alikonda.

Kanuni za chuo hazikuwa na nafasi ya onyesho kupewa alama. Tuliomba angalau jopo lione kabla ya kuuliza, na mwenyekiti, kwa hiari yake, akakubali nusu saa. Lori moja la mchanga likamwagwa nyuma ya jengo la sanaa. Wapigaji wawili na yule bibi walipanda basi kutoka kusini, ngoma zikiwa zimefungwa kwenye mashuka. Wajumbe walitoka na viti vyao, wakavipanga mstari upande mmoja. Mpigaji akagoma kuanza. Alisema duara halina mgongo. Kimya kidogo kikapita, kisha mtahini wa nje akavua viatu, akaingia mchangani, akasimama kwenye nafasi iliyobaki wazi. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, soksi mkononi.

Ndani ya chumba maswali yalikuwa makali na yalistahili kuwa makali. Aliulizwa kama visigino saba kati ya tisa vinatosha kusema chochote. Akajibu kwa majedwali ya jioni nane za jaribio. Aliulizwa ajuaje kwamba uwepo wake haukubadilisha duara. Alijibu kwamba ulilibadilisha, akaonyesha usiku ambao bibi alikawiza kisigino kwa makusudi ili mjukuu aone. Alifaulu kwa marekebisho ya miezi minne. Yule mjumbe aliyeuliza utafiti uko wapi hakuomba radhi, ila mwaka huu ameniletea rasimu ya kanuni ili tasnifu za sanaa ziweze kutahiniwa pamoja na onyesho. Iko kwenye seneti.

Nakala moja ya tasnifu iko maktabani. Flashi yenye video imo ndani ya bahasha iliyogundishwa kwenye jalada la nyuma, kwa sababu daftari la maktaba halina safu ya kuandikia kitu kisicho kitabu. Nakala nyingine iko kijijini, kwenye kadi za kumbukumbu zinazopita simu hadi simu. Mpigaji mkuu alifariki mwaka jana, wiki ya kwanza ya kiangazi. Mwenzangu, ambaye sasa ni mhadhiri, alikwenda kuzika. Usiku wa tatu walicheza, na aliyeshika ngoma kubwa alikuwa kijana aliyejifunza kwa mzee, amekaa mchangani, amefumba macho, na mbele ya duara yule bibi.